KIFURUSHI KIMECHELEWA: TUMLAUMU NANI?



Miongoni mwa barua zinazotufikia kutoka matawini, siku hizi kuna lalamiko jipya ambalo wazee wetu wa chama hawakulijua. Si lalamiko la mshahara, wala la nyumba za kambi, wala la mzani unaompunja mchuma chai. Ni lalamiko la kifurushi. Mfanyakazi ameagiza kitu kwa simu yake ya mkononi, amelipa, ameambiwa angoje majuma matatu. Anangoja mwezi, anangoja miezi miwili, na kifurushi hakionekani.

Lalamiko lililotufanya tuandike makala haya lilitoka kwa dada mmoja anayefunga chai katika kiwanda cha magharibi ya Uganda. Yeye na wenzake watano wa zamu moja walichanga fedha, wakaagiza sanduku la vifaa vya kufuma: sindano za kufumia za unene mbalimbali, mabunda ya nyuzi za rangi, na kitabu cha michoro cha kuwafundisha hatua kwa hatua. Hawakutaka kufungua duka. Walitaka kufuma vitambaa vya meza na vya viti vya nyumba zao, jioni baada ya zamu na siku ya Jumapili, wakikaa pamoja barazani. Juma la tisa lilipofika bila sanduku, walimkamata kijana wa boda boda anayeleta vifurushi kutoka mjini, wakamzuilia pikipiki yake tangu asubuhi hata jioni. Kijana akapoteza riziki ya siku nzima. Sanduku hakuwa nalo, wala hakuwahi kuliona.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa jambo la chama. Wafanyakazi sita walikuwa wameonewa, nao wakamwonea mfanyakazi wa saba. Aliyepokea fedha yao hakuguswa hata kidogo. Tumeona ni wajibu wetu kueleza, kwa lugha ya kawaida, sanduku kama hilo hupita mikononi mwa nani, hukwama wapi, na anayestahili kuulizwa ni nani.

JE, KUFUMA NI ANASA?

Tuanze na wale wanaocheka. Wapo waliosema, "Mfanyakazi wa chai ana nini na nyuzi za rangi kutoka ng'ambo? Angenunua sabuni na chumvi." Maneno haya tumeyasikia hata kwa wenzetu wa kiwandani, si kwa mameneja peke yao.

Tunajibu hivi. Wafanyakazi wa dunia hawakupigania saa nane za kazi ili wapate saa nyingi za kulala tu. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha kazi za viwandani kuwa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Miaka mitano baadaye, mwaka 1924, shirika hilo hilo lilipitisha pendekezo maalumu juu ya namna mfanyakazi atakavyotumia saa zake za mapumziko. Walioketi katika mikutano ile walijua kwamba saa ya mapumziko isiyo na kitu cha kufanya humezwa upesi na ulevi, au na mwajiri mwenyewe. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 48 kwa juma, na mfanyakazi apate walau saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma.

Basi mama anayefuma kitambaa Jumapili jioni anaitumia haki iliyopiganiwa. Mkono uliofunga pakiti za chai siku sita kwa hesabu ya msimamizi, siku ya saba unafanya kazi kwa hesabu yake wenyewe. Hakuna anayempimia, hakuna anayemkata. Kitambaa kikiharibika anakifumua na kuanza tena, wala hapati barua ya onyo. Hiyo si anasa. Huo ni utu.

SANDUKU LINATOKA WAPI?

Vitu vidogo vya namna hii, yaani sindano, shanga, vifungo, nyuzi na riboni, hutengenezwa na kuuzwa kwa wingi mno China, hasa katika mji wa Yiwu, mkoa wa Zhejiang. Wachuuzi wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wanaujua mji huo vizuri, kwa maana wengi wao wamekwenda huko wenyewe kununua bidhaa.

Wanaopanga nyuzi na sindano katika sanduku ni watu kama dada yetu wa kiwanda cha chai. Wengi wao wametoka vijijini, mbali na mji wanakofanyia kazi. Mara moja kwa mwaka, katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina ambayo huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda hufungwa na wafanyakazi hurudi kwao kuwaona wazazi na watoto. Vingi havifunguki mpaka majuma kadhaa yapite. Agizo lililolipwa katika siku hizo hukaa bila mtu wa kulifunga.

Hapa tunaomba wasomaji wafikiri kidogo. Mapumziko ya dada zetu wa hapa yanangoja mapumziko ya dada zao wa huko. Je, tungependa wanyimwe safari yao ya mara moja kwa mwaka ili nyuzi zetu zifike mapema? Hatudhani kuna mwanachama atakayesema ndiyo. Lakini mfanyabiashara anayeijua kalenda hiyo, na bado anaahidi "majuma matatu" mwezi wa Januari, huyo anamdanganya mnunuzi.

KUNGOJA KASHA LIJAE

Kutoka China hadi kwetu kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya ndege, ambayo ni ya haraka na hulipiwa kwa uzito. Ya pili ni ya meli, ambayo ni ya polepole na hulipiwa kwa nafasi ambayo mzigo unaichukua ndani ya kontena. Mteja mdogo hawezi kukodi kontena zima. Kwa hiyo wakala hukusanya vifurushi vya watu wengi katika ghala moja, akavipakia pamoja.

Wakala wa namna hiyo ni kama matatu isiyoondoka kituoni mpaka ijae. Abiria wa kwanza amelipa na amekaa, dereva bado anaita wengine. Kontena lisilojaa ni hasara kwa wakala, basi linangoja. Na kwa kuwa halionekani, mnunuzi wa huku huambiwa "mzigo uko njiani" hali mzigo uko ghalani, haujaona bahari.

Katibu wa tawi alipofuatilia sanduku la wale dada sita, akadai kuonyeshwa karatasi, ndivyo ilivyobainika. Wakala alikuwa amelipwa juma la kwanza. Sanduku lilikaa ghalani huko China zaidi ya mwezi likingoja makontena ya watu wengine. Muda wote huo fedha ya wafanyakazi sita ilikuwa mfukoni mwa mfanyabiashara. Haikuwa ajali wala dhoruba. Ilikuwa hesabu ya faida, na waliobebeshwa gharama yake ni wanunuzi, ambao hawakuulizwa wala kuambiwa.

MABAHARIA WASIOONEKANA

Lakini si kila ucheleweshaji ni ujanja wa wakala. Mwingine hutokea baharini, na huko wanaoumia kwanza ni wafanyakazi.

Tangu mwaka 1956, Mmarekani Malcom McLean aliposafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston, kazi ya bandarini imegeuka. Zamani makuli walibeba magunia na masanduku mgongoni, na meli moja iliweza kukaa bandarini siku nyingi. Leo winchi inanyanyua kontena zima kwa dakika chache. Meli zimekuwa kubwa mno, na mabaharia wamekuwa wachache mno.

Tarehe 23 Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, iliziba Mfereji wa Suez. Ilinasuliwa tarehe 29 Machi. Katika siku hizo sita, meli zaidi ya 400 zilipanga foleni pande zote mbili. Dunia nzima ilizungumza juu ya bidhaa zilizochelewa. Wachache walizungumza juu ya mabaharia wa meli hiyo, watu 25, wote kutoka India. Meli ilipokwisha kunasuliwa haikuachiwa iende. Ilishikiliwa katika Ziwa Chungu Kuu, huko huko kwenye mfereji, mpaka tarehe 7 Julai, wakati wakubwa wakibishana juu ya fidia ya mamia ya mamilioni ya dola. Mwenye meli alikuwa Japani, kampuni iliyoikodi ilikuwa ya Taiwan, na bendera ilikuwa ya Panama. Baharia akidhulumiwa katika meli ya namna hiyo, aende kushtaki wapi? Ndiyo maana vyama vya mabaharia, kupitia Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji, vimekuwa vikipinga bendera hizi za kukodi tangu mwaka 1948.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, ugonjwa wa korona ulipofunga mipaka, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini mwishoni mwa mwaka 2020. Mikataba yao ilikuwa imekwisha, lakini hawakuruhusiwa kushuka kwenda kwao. Waliendelea kuendesha meli. Vifurushi vilivyofika mwaka ule vilifikishwa na watu waliokuwa wamefungiwa kazini.

Kisha ikaja hatari ya Bahari ya Shamu. Tarehe 19 Novemba 2023 meli Galaxy Leader ilitekwa karibu na Yemen pamoja na mabaharia wake 25. Hawakuachiwa mpaka Januari 2025, baada ya zaidi ya miezi 14. Tarehe 6 Machi 2024 meli True Confidence ilipigwa kombora, na mabaharia watatu wakafa. Kwa sababu hiyo makampuni mengi yalizizungusha meli zao kusini kabisa mwa Afrika, kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka kwa siku kumi hadi kumi na nne.

Msomaji atauliza: meli itokayo China kuja Mombasa haipiti Suez wala Bahari ya Shamu, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu meli na makontena ni yale yale ya dunia nzima. Safari ya Ulaya ikirefuka, meli nyingi zaidi hutakiwa huko, makontena matupu hayarudi China kwa wakati, na nauli hupanda kila mahali. Na kuna jambo lingine la karibu zaidi. Chai ya Uganda kwa sehemu kubwa huuzwa katika mnada wa Mombasa, kisha huenda kwa wanywaji wa mbali. Barabara inayoshusha chai ya dada zetu ndiyo inayopandisha sanduku lao la nyuzi. Barabara hiyo ikiziba, huziba pande zote mbili.

MALABA, JANUARI 2022

Mzigo ukishashuka Mombasa, umebaki na safari ya zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Kampala. Wanaoufikisha ni madereva wa malori na utingo wao, wanaolala ndani ya lori, wanaokula kando ya barabara, na wanaongoja mpakani Malaba au Busia.

Tunakumbuka yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2022. Uganda iliweka sharti kwamba kila anayeingia nchini apimwe korona, na dereva alipie dola 30 za Kimarekani. Madereva waliuliza swali la haki: kwa nini gharama ya kipimo imwangukie yeye, na si mwenye lori wala mwenye mzigo? Wakasimamisha malori. Foleni upande wa Kenya ilifika makumi ya kilomita. Petroli ikaadimika Uganda, bei ikapaa, na watu wengi wakawalaani madereva. Mwishowe ada ile iliondolewa, na malori yakaanza kuvuka.

Siku zile, aliyekuwa na kifurushi ndani ya mojawapo ya malori yale alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini alipaswa pia kujua kwamba ucheleweshaji ule ulikuwa sauti ya wafanyakazi. Dereva hana gazeti, hana redio. Breki yake ndiyo barua yake kwa serikali.

MGOMO WA WENGINE NI SHULE YETU

Kuna wanaounga mkono mgomo wao wenyewe, wa wengine wanauona ni usumbufu. Tarehe 15 Novemba 2024 wafanyakazi wa posta ya Kanada wapatao 55,000 waligoma. Walidai mishahara, na walipinga mipango ya kuwaweka vibarua wa siku za mwisho wa juma mahali pa kazi za kudumu. Mgomo ulidumu mpaka katikati ya Desemba, walipoamriwa kurudi kazini. Ulikuwa msimu wa Krismasi, na zawadi nyingi zilizoagizwa kwa intaneti zilikwama.

Walichagua msimu huo kwa kuwa ndipo kazi yao inapoonekana. Mwezi wa Aprili nani angemkumbuka tarishi? Vivyo hivyo wachuma chai wakiweka vikapu chini, huchagua msimu wa majani mengi, si wa kiangazi.

Hata hapa kwetu si jambo geni. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wakiwamo wa bandari na reli, waligoma kuanzia tarehe 13 kwa muda wa siku kumi na mbili hivi. Mizigo ya Afrika Mashariki yote ikakwama. Chege Kibachia aliyewaongoza alikamatwa mwaka huo huo, akawekwa kizuizini Kabarnet. Wenye maduka ya siku zile walilalamika kwamba bidhaa zao zimechelewa. Leo hakuna anayezikumbuka bidhaa zile, bali wafanyakazi wale wanakumbukwa.

MKONO WA MWISHO

Sasa turudi kwa kijana wa boda boda. Yeye ni mkono wa mwisho katika mnyororo mrefu. Wa kwanza yuko kiwandani China, wa pili ghalani, kisha kuli, baharia, mwendesha winchi, karani wa forodha, dereva, utingo, mpakuaji. Hao wote mnunuzi hawaoni. Anayemwona ni mmoja tu, tena aliye mnyonge kuliko wote: hana mkataba, hana likizo, petroli anajinunulia, na akiugua hakuna wa kumlipa.

Wenye mali wanaupenda mpango huu. Mnunuzi mwenye hasira hukutana na maskini mwenzake, wakagombana wao kwa wao barabarani, na yeye aliye ofisini akapiga hesabu zake kwa utulivu. Mkulima hagombani na punda kwa sababu bei ya mahindi imeshuka. Sisi tusigombane na mbebaji kwa sababu mwenye mzigo amesema uongo.

Dada zetu walielewa jambo hili walipoketi na tawi. Wakamchangia kijana yule thamani ya siku aliyopoteza, nao wakamtaka radhi mbele ya wenzake wa stendi. Wakala akabanwa kwa maandishi, akarudisha nauli waliyolipa. Sanduku lenyewe lilifika juma la kumi na mbili. Aliyelileta ni kijana yule yule.

TUFANYE NINI?

Kwa wanachama wanaotaka kuagiza vifaa vya kufuma, vya kushona, vya shanga au vinginevyo, tunashauri yafuatayo:

1. Kabla ya kulipa, uliza mambo manne: mzigo utakuja kwa ndege au kwa meli, utaondoka ghalani tarehe gani, ushuru wa forodha atalipa nani, na ukichelewa fedha itarudishwa namna gani. Majibu yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

2. Hifadhi ujumbe wa malipo. Usiufute. Huo ndio risiti yako. Mkichanga wengi, andikeni katika daftari kila mmoja ametoa kiasi gani, na wote watie sahihi.

3. Mzigo uliopitia posta na kusajiliwa hupewa namba ya kuufuatilia. Kwa utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, namba hiyo ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili. Zile mbili za mwisho zinaonyesha nchi mzigo ulikotoka: CN ni China, KE ni Kenya, UG ni Uganda. Muuzaji akikuambia mzigo wako umetoka China kwa posta, na namba yake haifuati mtindo huo, muulize ni namba ya nani.

4. Ujihadhari na matapeli. Wakisikia watu wanangoja mizigo, hutuma ujumbe kwamba mzigo umekamatwa forodhani, utume fedha upesi kwa namba fulani. Ushuru wa serikali hautumwi kwa simu ya mtu binafsi. Uliza ofisini kwanza.

5. Siku zilizoahidiwa zikipita, mwandikie muuzaji, mtajie tarehe uliyolipa, na mpe siku maalumu ya kujibu. Usiridhike na "uko njiani". Dai kuonyeshwa karatasi ya kupakiwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, na Uingereza pia, sheria inamtaka muuzaji alete bidhaa ndani ya siku 30 kama hawakupatana siku nyingine. Afrika Kusini ina kanuni ya siku 30 tangu sheria yao ya mwaka 2002. Uganda ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011, yenye sehemu nzima ya kumlinda mnunuzi. Mpelekee katibu wa tawi risiti zako, msome pamoja sheria ya nchi yenu.

6. Agizeni kwa pamoja. Mtu mmoja akilalamika kwa wakala hukatiwa simu. Tawi zima likiandika barua, wakala huketi na kusoma. Tena mzigo wa wengi hujaza nafasi zaidi katika kontena, na nauli ya kila mmoja hupungua.

7. Msimkamate mbebaji. Muulizeni kwa heshima: umepewa mzigo huu lini, na nani? Mara nyingi yeye anaijua njia kuliko anayekaa ofisini, na atakuwa shahidi wenu mzuri.

NENO LA MWISHO

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kifurushi nacho ni mgeni: kimepita nchi nyingi, kimeshikwa na mikono mingi, na kila mkono umeacha jasho lake juu yake. Anayekipokea anapokea pia habari za wale waliokileta, kama yuko tayari kuzisikia.

Tusiache kuagiza, na tusiache kufuma. Saa ya mapumziko ni yetu, tuitumie tupendavyo. Lakini tukumbuke kwamba ndani ya kila saa yetu ya mapumziko kuna saa ya kazi ya mwenzetu tusiyemjua, na kwamba yeye naye ana haki ya kupumzika. Siku tutakapoulizana "mzigo umefika?" na pia "waliouleta wamelipwa?", siku hiyo wenye mali watakosa pa kujificha.

Kwa hiyo kila tawi na lifanye mambo mawili kabla ya mkutano ujao. La kwanza, liandike orodha ya wanachama walioagiza vitu na hawajavipata, pamoja na tarehe na risiti, ili chama kiwafuate wauzaji kwa pamoja. La pili, liwaalike vijana wa boda boda wa eneo lake waje kusikiliza, na waulizwe kama wangependa kuwa na chama chao.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.